Gari Lililotembea Sana: Kipi Kifanywe Sasa, Kipi Kingoje, Kipi Kiachwe

Gari likishavuka kilomita 200,000, kila fundi unayempelekea huwa na orodha yake. Mmoja atataka ubadilishe kila kilicho cha mpira, mwingine atataka kuosha injini kwa dawa, wa tatu atakushauri uliuze kabla halijakufia. Orodha ndefu kuliko zote niliyowahi kupewa ilikuwa na vitu 14. Nilifanya vitano. Viwili vingine nilivifanya mwaka uliofuata, na vilivyobaki gari liliondoka mikononi mwangu bila kuvihitaji. Sijisifu, maana katika vile vitano kimoja nilikifanya nusunusu kikanirudisha gereji. Nitafika huko.

Nilichojifunza ni kwamba kilomita peke yake hazipangi foleni. Swali linalopanga foleni ni hili: hiki kifaa kikifa njiani, kinakufa peke yake au kinaondoka na kingine? Filta ya hewa ya ndani ikiziba, utavuta vumbi kidogo na kioo kitachelewa kutoa ukungu. Mkanda wa taimingi, ule unaopanga mwendo wa vali na pistoni, ukikatika, injini inaweza kwisha palepale. Vyote viwili viko kwenye orodha ya fundi, pengine mstari mmoja juu ya mwingine, kana kwamba vina uzito sawa.

Hatua ya 1: Tafuta historia ya gari

Anza na makaratasi. Angalia risiti, kitabu cha sevisi, na vile vikaratasi ambavyo mafundi hubandika chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango wakiandika kilomita za sevisi iliyopita. Kauli ya mwenye gari wa zamani kwamba "hiyo ilibadilishwa juzijuzi tu" si historia. Kwa vitu vinne (mkanda wa taimingi, kulanti yaani maji ya kupozea injini, oili ya breki na oili ya giaboksi) kisicho na ushahidi kihesabu hakijafanywa. Vingine unaweza kuvikagua kwa macho.

Kipima kilomita nacho usikiamini kwa asilimia mia. Gari linalosoma kilomita 90,000 huku raba ya pedali ya breki imelika hadi chuma kinaonekana, na ngozi ya usukani inang'aa kama kioo, limetembea zaidi ya linavyosema.

Kisha fungua kitabu cha gari, sura ya matengenezo. Vitabu vingi vina ratiba mbili: ya matumizi ya kawaida na ya matumizi magumu. Watu husoma ile ya kwanza kwa sababu ina namba za kupendeza. Lakini ukisoma maelezo ya matumizi magumu utakuta safari fupifupi ambazo injini haipati moto vizuri, vumbi, foleni, mizigo, kuvuta tela, joto kali. Mwenye gari ambaye hamo katika orodha hiyo ni nadra. Fuata ratiba ngumu, ambayo mara nyingi hukata muda kwa nusu.

Hatua ya 2: Likague asubuhi, kabla halijawashwa

Usiku tandika kipande kikubwa cha boksi chini ya injini. Asubuhi kisome. Tone la kahawia au jeusi ni oili ya injini. Jekundu au la waridi kwa kawaida ni ya giaboksi otomatiki au ya usukani, ingawa kulanti za baadhi ya magari nazo ni nyekundu, kwa hiyo liguse: kulanti huteleza kama maji ya sabuni, oili huganda kidoleni. Maji matupu baada ya kutumia AC ni kawaida. Lizungushie duara la kalamu kila tone na uandike tarehe. Wiki mbili baadaye tandika boksi jipya, ulaze gari kwa muda uleule, ulinganishe. Injini kuukuu yenye jasho la oili pembeni ya gasketi si mgonjwa. Inayoacha kidimbwi ndiyo ya kushughulikia.

Vuta kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kivute tena. Weusi usikutishe, kwani oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Angalia kiwango. Kati ya alama ya chini na ya juu, kwa magari mengi madogo, kuna takribani lita moja. Ukipima kila unapojaza tangi kwa mwezi mmoja, utajua gari lako linakula oili kiasi gani, na hiyo ni habari ambayo hakuna fundi anayeweza kukupa kwa kulitazama dakika kumi.

Ukifungua kifuniko cha oili na kukuta ute mweupe kama mtindi, usikimbilie kusema gasketi ya silinda hedi imeungua. Safari fupi huacha unyevu unaoganda pale juu. Lakini ute huohuo ukiwa pia kwenye kijiti, na kulanti inapungua bila kuonekana inakovujia, hapo mashaka yako yana msingi.

Hatua ya 3: Vinavyoua injini vitangulie

Ni vitatu: oili, kulanti na taimingi.

Oili haina mjadala mrefu. Gari usilolijua historia yake, badilisha oili na filta mara moja, kisha tena baada ya kilomita 5,000. Ukiona inatoka safi kiasi, rudi kwenye ratiba ya kitabu. Tumia uzito uliotajwa kitabuni. Kuhamia oili nzito kwa sababu tu gari ni kuukuu huichelewesha kufika juu ya injini wakati wa kupiga stati, na ndipo msuguano unapokula chuma. Zile oili zinazouzwa kwa ajili ya magari yaliyotembea sana zina viungo vya kulainisha sili (mipira inayozuia oili isivuje) zilizokauka. Zinaweza kupunguza jasho. Sili iliyochanika hazitaiponya.

Kuna kivali kidogo kinachoitwa PCV ambacho huruhusu injini ipumue. Huvuta mvuke kutoka tumboni mwa injini na kuurudisha ukachomwe. Kikiziba, shinikizo hubaki ndani na kusukuma oili nje kupitia sili yoyote iliyo dhaifu. Nimeona watu wakibadilisha sili ileile mara mbili huku kivali hiki hakijaguswa tangu gari litoke kiwandani. Kiulizie kabla hujakubali kushusha injini kwa ajili ya kuvuja.

Kulanti huchakaa kwa umri kuliko kwa kilomita. Viungo vyake vya kuzuia kutu huisha, na baada ya hapo maji huanza kula rejeta na pampu kutoka ndani. Za aina ya zamani hukaa kama miaka 2, za kisasa 5 au zaidi. Rangi si kitambulisho cha kutegemea, kwani kila kampuni hupaka yake, kwa hiyo soma aina iliyoandikwa kitabuni. Ukiikuta ina rangi ya chai ya maziwa au ina chembe za kutu, imekwisha. Ukiibadilisha, badilisha na kifuniko cha rejeta. Kazi yake si kuziba tu. Hushikilia shinikizo linalofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Kwa shinikizo la takribani bar 1 juu ya hewa ya kawaida, maji huvumilia hadi karibu nyuzi 120. Kifuniko kilicholegea huliondoa shinikizo hilo lote, nawe utanunua themostati, kisha pampu, kisha rejeta, ukitafuta ugonjwa ambao uko kwenye kifuniko. Kamwe usikifungue injini ikiwa ya moto.

Bonyeza mipira ya rejeta injini ikiwa imepoa. Uliokakamaa kama plastiki, au unaobonyea kama mkate karibu na kibanio, ubadilishwe.

Sasa taimingi. Kwanza jua kama gari lako lina mkanda au cheni. Cheni kwa kawaida haina tarehe ya kubadilishwa. Huliwa na oili chafu, na dalili yake ni mlio wa kugongagonga kwa sekunde chache unapowasha injini ya baridi. Ukisikia hivyo, ipimwe. Isipolia, iache.

Mkanda ni habari nyingine. Watengenezaji wengi huupa kati ya kilomita 90,000 na 160,000, au idadi fulani ya miaka, chochote kitakachotangulia. Hautoi onyo. Katika injini nyingi vali na pistoni hutumia nafasi moja kwa zamu, na mkanda ndio unaopanga zamu. Ukikatika, pistoni hupanda na kukuta vali bado ziko wazi. Kinachofuata ni vali zilizopinda na silinda hedi mezani. Hakuna ushahidi kwamba ulibadilishwa? Ubadilishe, hata kama ndio kazi pekee utakayoifanya mwaka huu.

Na hapa ndipo nilipokosea. Nilibadilisha mkanda na kumwambia fundi aiache pampu ya maji kwa kuwa ilikuwa haivuji. Pampu ile huzungushwa na mkanda huohuo na imekaa nyuma yake. Miezi saba baadaye nikaona tone la kulanti kwenye boksi langu la asubuhi. Mbele ya injini ikafunguliwa yote upya, ufundi nikalipa mara ya pili, na mkanda ambao bado ulikuwa mpya ukatupwa kwa sababu umelowa kulanti. Tangu siku hiyo mkanda, tenshena inayoukaza, pampu na sili zilizo jirani ni kazi moja kwangu.

Hatua ya 4: Vinavyoua watu

Hivi havingoji mshahara ujao. Breki, tairi, na viungo vya usukani.

Padi zikibaki na milimita 3, zibadilishe. Oili ya breki ndiyo watu huisahau, kwa kuwa haipungui na gari linasimama vizuri tu. Lakini hunyonya unyevu wa hewa. Kiwango cha DOT 4, kimoja cha viwango vya oili ya breki, kinataka oili mpya isichemke chini ya nyuzi 230, na ile iliyokwisha kunyonya maji isichemke chini ya nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu breki hupata joto kali, maji yale hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea. Pedali inazama na gari haliitiki. Miaka 2 ni muda wa kawaida wa kuibadilisha.

Tairi zina tarehe ya kuzaliwa. Tafuta ubavuni tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nchi nyingi huweka mwisho wa kina cha kashata (michoro ya mpira inayoshika barabara) kuwa milimita 1.6, ila kwenye maji tairi huanza kukuangusha mapema zaidi ya hapo. Tairi yenye kashata nzuri lakini ina miaka 10 usiifanyie huruma.

Kwa usukani, nyanyua gari kwa jeki na uliweke kwenye stendi imara. Shika gurudumu kushoto na kulia, lisukume na kulivuta. Likicheza, shuku tairodi, fito inayogeuza gurudumu unapokata usukani. Shika juu na chini. Likicheza, shuku boljointi au beringi. Ukiwa hapohapo, mulika raba za sivi jointi, viungo vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Raba iliyochanika leo inataka raba na grisi tu. Ukiiacha, mchanga unaingia, na baada ya muda utasikia tak-tak-tak unapokata kona. Hapo raba haikusaidii, ni jointi nzima.

Hatua ya 5: Oili ya giaboksi otomatiki, ule ubishi wa kila gereji

Utaambiwa mambo mawili yanayopingana. La kwanza: "oili hii ni ya maisha." La pili: "kama haijawahi kubadilishwa, usiiguse, giaboksi itakufa." Kila moja lina ukweli kidogo ndani yake.

Ya maisha, ndiyo, lakini maisha ya nani? Oili hupata joto, viungo vyake huvunjika, na vumbi la klachi hujaa ndani yake. Kwa gari linalotakiwa kuvuka kilomita 200,000, muda wa kati ya kilomita 60,000 na 100,000 ni wa busara kwa giaboksi nyingi, isipokuwa kitabu kiseme vingine.

Na ule uvumi wa kwamba oili mpya huua una chanzo chake. Mtu huendesha gari halijawahi kuguswa, gia zinaanza kuteleza, ndipo anakimbilia kubadilisha oili. Klachi zilikuwa zimekwisha kulika. Wiki mbili baadaye giaboksi inakufa, lawama zinaiangukia oili mpya. Kwa hiyo anza kwa kuliendesha. Linaingiza gia bila kishindo? Halichelewi ukitoka R kwenda D? Injini haipandi mizunguko bila gari kuongeza mwendo? Kama majibu yote ni mazuri, badilisha. Kama linateleza tayari, lipimwe kwanza. Oili mpya haitarudisha nyuzi za klachi zilizokwisha.

Namna ya kuibadilisha nayo ina maana. Kumwaga kwa kufungua nati ya chini hutoa sehemu tu ya oili. Nyingine hubaki kwenye konveta, kiungo kati ya injini na giaboksi. Tuseme inatoka asilimia 40 kila mara. Ukimwaga na kujaza, ukatembea kilomita mia chache, ukarudia hivyo mara tatu, oili mpya itakuwa imefika takribani asilimia 78. Ni njia ya polepole na mimi naipenda kuliko mashine inayosukuma oili kwa shinikizo na kung'oa uchafu uliokuwa umetulia. Pima oili iliyotoka, rudisha kiasi kilekile, kisha kagua kiwango kwa joto lililotajwa kitabuni. Aina ya oili isikosewe hata kidogo, hasa kwa giaboksi za CVT (zile otomatiki zisizo na gia za ngazi) ambazo zina oili yake ya peke yake.

Gia za mkono na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) nazo zina oili. Hakuna anayezikumbuka. Kitabu kitakupa muda.

Hatua ya 6: Vya kungoja mpaka viseme

Altaneta, stata, beringi za magurudumu, sensa na pampu ya mafuta havibadilishwi kwa sababu ya kilomita. Huwa vinatoa ishara, na vikifa mara nyingi hufa peke yake. Shokapu zitakuambia kwa kuvuja, kwa gari kuyumba baada ya tuta, au kwa tairi kulika kwa mawimbi.

Betri ipime badala ya kuikisia. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 iko nusu. Injini ikiwaka, magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.5, chini ya hapo kosa linaweza kuwa la altaneta, na betri mpya itakufa vilevile.

Plagi ziko katikati. Za nikeli hukaa kilomita 30,000 hadi 50,000, za iridiamu hufika 100,000 au zaidi. Zisingoje dalili, kwa sababu injini inayokosa moto humwaga petroli mbichi kwenye katalitiki, kisafisha moshi cha ekzosi, na kuiunguza. Taa ya injini ikiwaka tu, nenda kwa skana ukiwa na nafasi. Ikipepesa, punguza mwendo sasa hivi na usiendelee na safari ndefu.

Hatua ya 7: Vya kukataa kwa adabu

Kuosha injini kwa dawa. Injini yenye matope ndani ikipewa kemikali kali inaweza kung'oa bonge zima na kuliziba chujio la pampu ya oili. Kubadilisha oili mapema mara mbili tatu hufanya usafi uleule bila kamari.

Kusafisha injekta kama sevisi ya kila mara. Kama injini haitetemeki, haikosi moto na ulaji wa mafuta haujabadilika, injekta hazina tatizo.

"Kuongeza gesi ya AC" kila mwaka. Gesi haitumiki ikaisha kama petroli. Imepungua? Inavuja. Tafuta panapovuja.

Fundi akikutajia kitu, muombe akuonyeshe: "Fundi, nionyeshe panapocheza," au "kile kilichotoka kiweke nikione." Fundi mzuri hufurahi kuulizwa hivyo. Atakushika mkono na kuuweka kwenye bushi (mpira unaounganisha vyuma vya chini ya gari) iliyopasuka.

Hatua ya 8: Unganisha kazi, andika

Ukishapanga foleni, tazama kazi zipi zinafungua sehemu moja. Umefungua magurudumu kwa ajili ya padi? Kagua mipira ya breki na raba za sivi. Unamwaga kulanti? Weka themostati na mipira. Shokapu zikitoka, bushi na mauntingi zake ziko mbele ya macho yako. Ukimaliza chochote cha tairodi au shokapu, peleka gari kwenye alaimenti, si kabla.

Daftari langu lina safu nne tu: tarehe, kilomita, kilichofanywa, na kilichoonekana lakini kikaachwa. Safu ya nne ndiyo ninayoisoma zaidi. Mstari mmoja unasema "bushi ya nyuma kulia ina ufa mdogo, 231,400." Niliukagua tena kwenye 238,000 ukiwa vilevile, na kwenye 246,500 ulikuwa umefika chumani. Siku hiyo nikainunua.